Kaka wa Nyuma ya Mlango

Mdogo wangu mpendwa, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu, kisha uzigawe: ya kwanza ubaki nayo wewe, ya pili umpe shemeji yangu pamoja na shukrani kwa sweta aliyonifumia, na zinazosalia uwape watoto, ambao najua sasa wanaota ndevu lakini kwangu watabaki kuwa watoto. Natumaini goti lako limetulia na kwamba paa halivuji tena juu ya kitanda cha wageni. Kwa upande wangu, ukiondoa koo hili ambalo limekuwa likinisumbua, namshukuru Mungu.

Naomba radhi kwa kuchelewa kukujibu. Barua yako niliiweka mezani chini ya miwani ili nisiisahau, na sikuisahau; ila kila nilipoichukua nilipandwa na hasira, na walimu wetu wa misheni walitufundisha kwamba mtu mwenye hasira hashiki kalamu mpaka anawe uso. Nimenawa uso mara nyingi sana, ndugu yangu. Leo nimeona kwamba maji yatakwisha mtungini kabla hasira haijaniisha, basi naandika hivyo hivyo, na pale nitakapokukwaza unisamehe.

Lakini kwanza nakuomba jambo moja. Isome barua hii yote, hadi kwenye sahihi yangu, kabla hujainuka kitini. Hata ukisikia mtu anakohoa nje, mwache akohoe.

Uliniuliza, kwa lugha ambayo sikuizoea kutoka kwako, nimemfanya nini dada yetu. Ulisema alikupigia simu akilia, kwamba mimi nimetoweka na kwamba mahali pangu ameingia mzee mwingine, anayevaa koti langu na kunywa chai katika kikombe changu. Ukaongeza kwamba ikiwa nimeshindwa kumtunza utakuja na gari mwisho wa mwezi umpeleke hospitali ya wagonjwa wa akili, akae huko moja kwa moja, maana, haya ni maneno yako, aliyeharibikiwa kichwa hajui tofauti ya kitanda na kitanda. Sentensi hiyo niliirudia mara nyingi nikitafuta mahali ambapo kalamu iliteleza. Sikupaona.

Huyo mzee mwingine, mdogo wangu, ni mimi.

Unakumbuka dada alianguka jikoni mwaka jana, wakasema ni kiharusi kidogo. Mkono ukarudi, ulimi ukarudi, nasi tukashangilia. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna kitu hakikurudi. Siku chache baada ya kutoka hospitali nilimpelekea chai chumbani, nikamwamkia kama kawaida. Alinitazama kwa lile jicho lake la umatroni, alilokuwa akiwatazamia wasichana wa bweni waliopita chini ya uzio. Akaniamuru nisimame wima. Akauliza ni nani aliyenifungulia. Nilicheka, nikidhani ni utani wetu wa siku zote. Akaniambia nisicheke, nieleze ni wapi nilipoipata sura ile.

Kisha akanizunguka na kunikagua kama anayekagua shuka. Alisema kazi imefanyika vizuri, masikio yametoka sawasawa, hata lile baka la shingoni limewekwa panapostahili, lakini aliyenitengeneza amesahau kitu kimoja, kwamba kaka yake akimtazama humtazama kama anayemjua. Mimi, alisema, ni nakala. Tangu siku hiyo hilo ndilo jina langu ndani ya nyumba niliyoijenga mwenyewe. Nakala, leta chumvi. Nakala, ondoka kwenye kiti cha watu.

Unaniandikia kwamba ningemwonyesha kitambulisho. Ndugu yangu, unadhani sikumwonyesha? Alikipokea, akakisoma pande zote, akathibitisha kwamba picha ni ya kaka yake hasa, kisha akakitia kifuani mwake, akisema atamrudishia mwenyewe atakapopatikana. Mpaka leo sina kitambulisho. Unaniandikia nimkumbushe mambo ya utotoni, ambayo mgeni hawezi kuyajua. Nilimkumbusha. Nilimweleza jinsi alivyovunja taa ya baba nami nikachapwa kwa ajili yake, na jinsi tulivyokuficha wewe kwenye pipa la nguo chafu ukalala humo hadi mama akapiga yowe. Alinisikiliza hadi mwisho, akaanza kulia. Nikafurahi, nikajua nimemfikia. Kumbe alikuwa akimlilia kaka yake, kwa kuwa mambo hayo, zaidi yake, anayajua kaka peke yake, na kama mimi ninayajua basi tumemtesa mahali fulani mpaka akayatoa. Nikijibu sawa, nimemtesa kaka. Nikikosea, basi ni wazi mimi siye. Nakuuliza wewe uliyesoma kunizidi: mtu huyo aelekee wapi?

Wala hukuwa mshauri wa pekee. Binamu yetu fundi seremala alishauri nimkemee. Jirani alishauri nimcheke. Mchungaji alikuja na nia njema, akasema anahisi ndani ya nyumba mna kitu kisicho cha kawaida. Dada akamwunga mkono kwa furaha, akanyoosha kidole, na kitu chenyewe kilikuwa mimi, nimekaa pembeni na kisahani cha biskuti. Mchungaji alinitazama muda mrefu kuliko ilivyostahili. Siku hizi ananipa mkono wa haraka, kama anayegusa sufuria kuona kama ni ya moto. Nimekuwa mzee wa kanisa tangu kabla hajazaliwa!

Samahani. Nimekwenda kunawa uso, nimerudi.

Sasa nikueleze jinsi mambo yalivyobadilika, na si kwa akili yangu wala yako. Asubuhi moja nilikuwa bafuni nimejipaka sabuni kichwa kizima, mlango umefungwa. Nikamsikia dada akipita ukumbini, akaita, kwa sauti yake ya zamani kabisa, kaka, uko wapi? Mimi nilikuwa nimekwisha kuzoea kutukanwa, nikajibu bila kufikiri kwamba niko bafuni. Loo, mdogo wangu! Alikuja mbio, akaegemea mlango, akamshukuru Mungu, akaniuliza nilikuwa wapi muda wote huo, nimekula nini, nani alikuwa akinifulia. Tulizungumza pale mpaka povu likakauka masikioni. Alininong'onezea kwamba niwe mwangalifu, mna mtu ndani ya nyumba anayefanana nami. Nilipoona tumepatana kiasi hicho nikajifunga taulo, nikafungua mlango nimkumbatie.

Alipiga ukelele ambao ulimleta jirani na mwiko mkononi. Nakala ametoka bafuni! Amemfanya nini kaka?

Hapo ndipo nilipompeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kijana mwenye haraka lakini mwungwana. Kwa jinsi nilivyomwelewa, tunapomwona mtu wetu mambo mawili hutokea kwa pamoja: jicho linasema huu ni uso wa fulani, na moyo unapata joto kidogo linalosema naam, ni wetu. Kwa dada, jicho bado linafika, joto halifiki. Basi akili, ambayo haiwezi kuvumilia jambo lisilo na sababu, inajitungia sababu yake: uso ni wa kaka, joto la kaka halipo, kwa hiyo huyu si kaka. Lakini sauti hupita njia nyingine, na njia hiyo haikuguswa. Mimi niliyekaa miaka yangu yote ya kazi kwenye kituo cha simu, na visikilizio kichwani, nikiunganisha watu wasioonana, sikuhitaji kuelezwa zaidi. Waya mmoja umekatika, mwingine ni mzima. Opereta hamlaumu mteja kwa waya uliokatika. Humpitisha kwenye ule mzima.

Nilimwuliza daktari kama huo ni wazimu. Alisema angependa zaidi kuiita akili inayofanya kazi yake kwa taarifa pungufu, kisha akaniuliza kama mimi sijawahi. Nikakumbuka jinsi, baada ya mke wangu kufariki, nilivyosikia ndara zake zikiburuzwa jikoni kila asubuhi kwa mwaka mzima, na nilivyomwekea kikombe. Hukuniandikia barua ya kunipeleka hospitali wakati ule. Ulidhani ni majonzi.

Basi tukaanza maisha mapya. Kila asubuhi, na tena mchana na jioni, baada ya Nakala kutandika meza, kupokea lawama zake na kutoweka, mimi huzunguka nyuma ya nyumba, naingia chumba cha uani, nafunga mlango wa katikati, na kugonga. Dada huvuta kigoda chake upande wa pili. Hapo tunazungumza kama ndugu. Ananisomea Zaburi kwa kichwa, ananisimulia vituko vya bweni, ananiuliza habari zako na kukulaumu kwamba hupigi simu. Zaidi ya yote ananisengenya mimi kwangu. Nakala anakoroma. Nakala anakata mkate vipande vinene kama matofali. Nilijaribu kumtetea, nikasema labda ni mzee mpole asiye na pa kwenda. Dada alinihurumia, akasema wema wangu ndio ulioniponza, ndiyo maana watu wananiibia hata uso.

Usidhani ni kazi nyepesi. Mimi si kijana wa kuzunguka nyumba kwenye matope mara nne kwa siku ili niwe ndugu wa dada yangu. Yapo majuma niliyochoka kiasi cha kutaka kupiga kelele. Kuna mchana mmoja alininyima supu niliyoipika mwenyewe, akisema anamwekea kaka, nami nikatoka, nikazunguka, nikagonga, akanipitishia ile supu dirishani akiwa amefumba macho kwa heshima, maana tulikubaliana kwamba kaka hapendi kutazamwa akila. Niliila nimesimama uani, nikicheka kwa hasira. Lakini nisikilize vizuri: alikuwa ameitia ndimu, kama ninavyopenda. Hajasahau hata tone. Ndiyo maana nasema anajua tofauti ya kitanda na kitanda, na anajua tofauti ya mtu na mtu kuliko wengi tunaojiita wazima.

Na hata Nakala amepata nafuu yake. Siku moja ya baridi nilisinzia kitini, nilipozinduka nilikuta blanketi magotini. Dada alikuwa dirishani amenipa mgongo. Alisema nisijipe moyo, mimi bado ni nakala, ila nakala nayo hupata baridi.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo limenifanya ninyamaze kuliko hasira yenyewe. Ukae vizuri.

Dada ndiye aliyelitambua. Miezi iliyopita, katikati ya Zaburi, alisita, akasema kupitia mlangoni kwamba sauti yangu imechoka. Nilisema ni mafua. Kesho yake akasema haijachoka tu, imepasuka, kama kengele yenye ufa. Nikasema ni vumbi. Mtu mwingine yeyote anaponisikia ananiona pia, na uso wangu humdanganya kwamba mimi ni mzima. Dada peke yake hana changu kingine isipokuwa sauti, basi anaisikiliza kama mtu aliyebakiwa na mshumaa mmoja. Aliniamuru niende hospitali. Nilipokawia, alimtuma Nakala! Aliniita jikoni, akanipa asali, akaniambia kwa ukali kwamba kama nina chembe ya utu, nikamwambie kaka yake, popote alipo, kwamba asipokwenda kwa daktari atamfuata mwenyewe.

Nikaenda. Ni uvimbe kwenye kikoromeo, nao si wa kuchezea. Wanasema nimewahi, na waliponiuliza ni nani aliyenitahadharisha mapema hivyo, nilijibu kwamba ni dada yangu, yule ambaye faili lake liko ghorofa ya juu, kwa daktari wa mishipa ya fahamu. Watanipasua Jumatatu. Wananipa matumaini mema ya kuishi. Sauti hawanipi matumaini yoyote; inaondoka pamoja na uvimbe.

Umeelewa, mdogo wangu? Nitarudi nyumbani nikiwa na uso tu.

Nilikaa na jambo hili peke yangu, nikikerwa na kila kitu, na mlango, na wewe, na Mungu pia, nitatubu. Halafu nikakumbuka jambo la kipuuzi. Unakumbuka mke wangu, marehemu, alivyokupigia simu siku moja, akakuamuru ununue mkate urudi haraka, na wewe kwa adabu ukamwambia shemeji, mimi niko mbali, mwendo wa siku nzima? Wote walichanganya sauti zetu kwenye simu. Hata baba. Mama alikuwa akisema alitumia koo moja kwa watoto wawili ili kubana matumizi.

Basi hili ndilo ombi langu, na naliomba kwa unyenyekevu, ingawa mwanzoni nilikuwa mkali. Mpokee dada. Si kwa gari la hospitali, kwa mlango. Wewe hajakuona tangu augue, anakusikia kwenye simu tu, na kwenye simu anakukubali. Sijui uso wako atauonaje. Huenda akakukumbatia, huenda akakuamuru usimame wima. Ndiyo maana nasema, uanze na sauti. Zungumza naye mlango ukiwa umefungwa, kwa utulivu, mpaka acheke mara moja. Akikwisha kucheka, fungua. Akishtuka, usibishane, usimwonyeshe kitambulisho, hutakipata tena. Funga, uzungumze upya. Shemeji asikasirike, baada ya juma moja mtazoea, nami sikujua kwamba mtu anaweza kuzoea jambo kama hili mpaka nilipozoea.

Sikuombi ujifanye mimi. Dada amechoshwa na watu anaodhani wanajifanya. Uwe wewe, na umpe habari zangu. Na Mungu akinijalia nikatoka hospitali, nitakuja kwenu. Atatokea mlangoni pako mzee mwenye kitambaa shingoni, asiyesema neno. Dada atajua mara moja ni nani: atasema Nakala amemfuata hadi huku. Hapo ndipo nitakapokuhitaji. Simama mahali asipokuona, umwambie kwa koo lile tulilogawana kwamba unamjua mzee huyu, kwamba ni mwaminifu, na kwamba kaka ameomba apewe kiti. Kiti tu. Hayo mengine nitayatafuta mwenyewe taratibu. Nikipata kiti karibu na dada yangu, sitadai jina.

Yeye hajui habari za Jumatatu. Jana, nyuma ya mlango, nilimwambia kwamba ninasafiri kwa shughuli ndefu mahali pasipo na simu, na kwamba aende kwako akakusaidie kuinyoosha nyumba yako, jambo ambalo alilikubali haraka kupita kiasi. Aliniuliza kama nitarudi. Nilimjibu kwamba nitarudi. Akasema vyema, ila nisiseme sana njiani, niitunze sauti. Leo asubuhi alimwachia Nakala maagizo: amwagilie maua, asikalie kiti cha kaka, ale vizuri. Kisha, bila kunitazama, alinifunga kifungo cha juu cha koti.

Nisalimie nyumba nzima, na unisamehe kwa ukali na kwa urefu wa barua.

Ni mimi kaka yako,
Opereta mstaafu

Barua hii nitampa dada kwa kuipitisha chini ya mlango wa katikati, naye ataipitisha chini ya mlango wako vivyo hivyo, kwa kuwa nimemwambia kwamba huko kwenu ndiyo desturi. Jirani yetu muuguzi anamsindikiza, lakini anayeileta ni dada mwenyewe. Yuko nje sasa hivi, amekaa juu ya sanduku lake. Ndiye anayekohoa. Usifungue bado, mwite kwanza.